Mnazi Wangu wa Leipzig

Kosa la kwanza lilikuwa kumwambia mjomba kwamba nimepanda mnazi.

Mjomba wangu ni mgema wa Pangani. Hadi leo, na magoti yake mabovu, akipita chini ya mnazi lazima asimame atazame juu, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye ubao wa matokeo. Mtu wa namna hiyo humwambii "nimepanda mnazi Ujerumani" ukadhani maneno yameishia hapo. Akauliza utaanza kuzaa lini. Nikasema taratibu mjomba, huku kuna baridi.

Mti wenyewe niliununua hapa Leipzig, Novemba 2020, korona imetufungia ndani na mimi nimechoka kuangaliana na ukuta. Ulikuwa unanifika kifuani, shina limevaa manyoya ya kahawia kama kilifu, majani ya duara kama kipepeo cha jiko la mkaa. Kibao kimeandikwa Hanfpalme. Sasa mimi Hanf ya Kijerumani naijua kwa jambo moja tu, bangi. Nikamvuta muuzaji pembeni, nikamuuliza kwa sauti ya chini kama hii kitu inaruhusiwa. Yule mama akanieleza polepole, kama mwalimu wa chekechea, kwamba mmea huo wa bangi pia hutoa nyuzi za kamba, na mti umepewa jina kwa sababu ya yale manyoya ya shina. Mtoto wa Tanga mimi, nimekua navuta harufu ya katani, nikafundishwa habari za nyuzi na Mjerumani!

Jina la kitaalamu ni Trachycarpus fortunei, la kumkumbuka Robert Fortune, yule Mskoti aliyetorosha miche ya chai China akaipeleka India. Kwao China mti huu huota hadi milimani kunakoanguka theluji, na ukishakomaa huvumilia kama nyuzi 15 chini ya sifuri. Hayo niliyashika yote. Muuzaji akaongeza neno moja ambalo lilipita sikio hili likatokea la pili: kinachouua zaidi ni maji yakituama kwenye moyo wake, yaani shaha, pale juu yanapotokea majani mapya.

Februari 2021 ikaja. Theluji ikaanguka mpaka tramu zikasimama. Kipimajoto changu cha dirishani kikasoma nyuzi 18 chini ya sifuri, na mimi usingizi ukaniruka kama nina mgonjwa ndani. Nikatoka saa tano usiku. Nikaufunga mti kitambaa cha kukingia baridi, juu yake blanketi, juu ya blanketi nailoni, juu ya nailoni koti langu kuukuu. Kichwani nikauvika kofia ya sufu. Nilikuwa nimesikia kwamba wenzetu huzungushia taa za Krismasi ili zitoe joto, basi nikazungusha mita 20 za taa. Bustani ikawaka kama ukumbi wa harusi.

Asubuhi mlango ukagongwa. Jirani yangu, mzee wa miaka themanini na kitu, kashika kikombe cha chai kilichokwisha kupoa.

"Yule mgeni wako," akasema, "nimemsalimu mara tatu. Hataki chai."

Nikamweleza. Hakucheka. Akaenda moja kwa moja hadi kwenye mti, akashika taa moja, akashika ya pili, akanigeukia. Zilikuwa za LED. Baridi kama mkono wa maiti. Taa za kuupasha mti moto, akaniambia, ni zile za zamani zenye waya ndani, za kuunguza vidole. Umoja wa Ulaya ulianza kuziondoa madukani 2009, na yeye mwaka huo alijaza boksi zima stoo, kwa ubishi tu. Akanipa mkufu mmoja.

Zikafanya kazi. Zikafanya kazi mno. Theluji ikayeyuka juu ya kofia, maji yakashuka ndani, nailoni ikayazuia yasitoke, taa zikayapasha. Mimi nje naona mvuke unatoka kwenye kola ya koti, nafurahi kwamba mtoto anapumua. Kumbe namchemsha.

Sikuufungua hadi mwisho wa Aprili, kwa sababu Aprili ile nayo ilikuwa ya baridi kuliko zote kwa miaka 40 hapa Ujerumani. Siku ya kuufungua nikapiga simu ya video nyumbani. Mjomba kawekwa kiti cha mbele, nyuma yake shangazi, watoto, na jirani mmoja aliyekuja kuomba chumvi akabaki.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Haya, uvue."

Nikavua kofia, koti, nailoni. Kimya. Mjomba akasogeza uso kwenye kioo hadi nikaona pua tupu.

"Mbona mkoche huo?"

Nikajitetea kwamba ni ndugu yake mnazi, wa upande wa mbali. Akapuuza. "Shika lile kuti changa la katikati. Livute kidogo. Likigoma, mti mzima."

Nikasimama imara, simu mkono mmoja, nikavuta kama mtu anayeng'oa muhogo. Halikugoma. Lilichomoka lote, teketeke, nami nikaenda chini kwa makalio kwenye tope, simu juu, kuti mkononi, harufu ya dagaa waliosahauliwa kwenye mfuko ikinipanda puani.

"Inna lillahi," mjomba akasema. "Umetoka na shaha lake."

Nyuma yake nikamsikia shangazi: "Shaha? Muulize kama ana nazi ya kulipikia."

Jirani ndiye aliyekuja na chupa ya haidrojeni peroksaidi, ile ya kusafishia vidonda. Tukaimimina kwenye tundu, povu likafoka hadi likashuka shinani. Kwenye simu, iliyokuwa bado hewani kwenye nyasi, mjomba akauliza: "Sasa mnaufua?"

Tuliufua kila wiki. Mwisho wa Juni kikachungulia kitu cha kijani. Jani likapanda, likafunguka, nusu tu, ncha zote zimekatika sawasawa kama zimepitiwa na mkasi. Ndivyo yanavyotoka yaliyooza nchani yakiwa bado ndani. Nikampigia picha mjomba. Jibu lilikuja kwa sauti, sekunde nne:

"Mwambie kinyozi arudi, hajamaliza."