Afande na Siafu wa Lutoboka

Msituni Lutoboka, kisiwani Bugala katika Ziwa Victoria upande wa Uganda, ukiona ndege wadogo wamejaa chini kwenye majani makavu, kurumbiza huku, shorewanda kule, usikimbilie darubini. Angalia kwanza ulipokanyaga. Ndege hao wanafuata siafu. Msafara ukipita, panzi, mende na buibui hukurupuka majanini, na ndege wanajidakia tu. Ndiyo maana sisi waongoza wageni tunawatafuta siafu kwa makusudi, hasa mvua ikishanyesha, ila tunasimama kando.

Kundi langu kutoka Kampala nililieleza yote hayo. Nikaeleza na soksi: pindo la suruali liingie ndani ya soksi, ndipo siafu akipanda anapanda nje, unamwona. Wakatii wote isipokuwa Afande mmoja mstaafu, aliyesema hayo ni mavazi ya watoto wa nasari.

Darubini yake ilikuwa ile ndogo ya mfukoni, 10x25, yaani inakuza mara 10 na lenzi yake ya mbele ina upana wa milimita 25. Mle msituni saa moja asubuhi bado giza. Gawanya 25 kwa 10, unabaki na duara la mwanga la milimita 2.5 jichoni, wakati 8x42 inakupa zaidi ya 5. Kwa hiyo kurumbiza alipotua mbele yetu, wengine tuliona kifua cha rangi ya chungwa. Afande aliona kivuli. Akasogea. Akasogea tena. Akasimama katikati ya msafara.

"Afande, chini!" nikanong'ona.

"Kimya, kijana. Hakuna kutingishika."

Siafu hawana macho, lakini njia ya mguuni hawaipotezi. Hupanda polepole, na wa kwanza anapouma, wenzake wameshavuka goti. Afande hakupiga kelele, hilo nampa heshima yake. Alitoa mlio mmoja mwembamba, hata Mama Zuhura wa Kisenyi akauliza, "Huyo naye ni ndege gani?"

Utaratibu unajulikana: toka kwanza kwenye msafara, kama mita kumi hivi, halafu ndipo uvue. Usipangusepanguse. Siafu askari akishafunga taya, ukimvuta ovyo kiwiliwili kinakuja mkononi, kichwa kinabaki kwenye nyama. Mbane kwa kucha karibu na kichwa, mmoja mmoja. Afande alianza na kuvua, palepale, juu ya siafu, na mkanda ulikuwa wa jeshi, haufunguki kwa mtu mwenye haraka. Suruali ikakwama kwenye buti. Akawa anaruka kwa miguu miwili iliyofungwa pamoja, kila anapotua anakusanya siafu wapya.

Hapo ndipo kina mama wenye mabeseni ya mukene, dagaa wa ziwani, walipotokea njiani. Mmoja akatua beseni, akatupa kisogo kwa adabu. "Bambi ssebo," yaani pole bwana, "maliza tu, sisi hatujaona kitu." Beseni lenyewe lilikuwa linatikisika kwa kicheko cha mwenziwe aliyeliegemea. Juu mtini hondohondo nao wakaanza makelele yao.

Tulimng'oa siafu kwa zamu, mimi na wanaume wengine wawili, yeye amejifunga kanga ya Mama Zuhura. Kisha akanyoosha kidole kwenye daftari langu.

"Andika. Kurumbiza, mmoja."

"Afande, ulimwona kweli?"

"Nilimsikia. Nikiwa mapambanoni."

"Aliyesikika ni wewe, Afande," akasema Mama Zuhura. "Na kanga yangu utaifua."