Wati 5 kutoka Dodoma: mzigo anaubeba nani?

Kijana mmoja wa hapa Dodoma, aliyepata leseni yake ya redio ya ridhaa (ya kuwasiliana na watu hewani kwa kujifurahisha) kutoka Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, hivi karibuni, alinijia na swali la pesa. Amejichanga kiasi cha kutosha redio ndogo ya wati 5. Ya wati 100 itamchukua mwaka mwingine, pengine na nusu. "Kaka, nichukue hii hii au nisubiri?" Shauku yake ni CQ World Wide, mashindano ya saa 48 ambamo waendesha redio wa dunia nzima hutafutana hewani: kwa sauti wikiendi kamili ya mwisho ya Oktoba, kwa Morse, yaani alama za nukta na vistari, wikiendi kamili ya mwisho ya Novemba. Kabla sijafungua mdomo, mzee tuliyekuwa naye, mstaafu aliyepiga Morse kazini ujanani, akanitangulia: "Subiri, mwanangu. Ukiingia mashindanoni na wati 5, kazi yako utamfanyisha mwenzako."

Nilimbishia pale pale. Mimi ni mpenzi wa nguvu ndogo wa siku nyingi, na nilidhani nina majibu yote. Lakini maneno yale yamenikaa kichwani, na kadiri ninavyoyapima ndivyo ninavyoona kuwa mzee alishika jambo la kweli, ila alilishika kwa upande mmoja.

Tuanze na hizo wati zenyewe. QRP, katika alama za zamani za telegrafu, ni agizo la kupunguza nguvu. Siku hizi ni jina la mtindo wa kazi: wati 5 zikitoka kwenye redio, usizidishe. Mpaka huo ni makubaliano tu. Klabu ya QRP ARCI ya Marekani ilipoanzishwa mwaka 1961 ilihesabu chochote kisichozidi wati 100 kuwa nguvu ndogo, kwa hiyo redio ambayo mzee anaiona ndiyo ya kawaida ingeingia kundini bila shida. CQ World Wide ina madaraja matatu ya nguvu: wati 5, wati 100, na juu kabisa wati 1,500.

Mtu akisikia 1,500 dhidi ya 5 anaona mara 300, anakata tamaa. Sikio la redio halihesabu hivyo. Lenyewe hupima tofauti ya nguvu kwa desibeli: kushuka kutoka wati 100 hadi 5 ni desibeli 13. Kila alama kwenye mshale wa kipokezi ni desibeli 6 hivi, kwa hiyo umeshuka alama mbili na kidogo. Kutoka 1,500 hadi 5 ni desibeli 25, yaani alama nne. Anayesikika S9 (alama ya tisa ya mshale huo) kwa mtambo mkubwa atasikika S5 kwa betri ndogo. Kwenye bendi (fungu la masafa) tulivu S5 ni maongezi mazuri kabisa. Kwenye bendi yenye kelele za S6, mtu wa S5 hayupo.

Na kelele zinazoamua hilo si za Dodoma. Ni za yule anayesikiliza kule Frankfurt au Osaka, na chaja zake, na taa za majirani zake, na vituo vikubwa vilivyombana kushoto na kulia kwenye masafa. Wewe wa wati 5 unarusha, kisha kila kitu kingine kinafanyika kwake: antena aliyoigharimia, chujio alizoweka, na subira. Hapo ndipo hoja ya mzee ilipo. Upande wetu tunaita ustadi, na ustadi upo kweli, lakini sehemu kubwa ya mzigo imebebwa na masikio ya mtu mwingine.

Swali linalofuata ni kama huyo mtu anaubeba kwa hasara. Hapa ndipo mahali tulipo panabadilisha hesabu.

Katika mashindano haya, wasiliano kati ya mabara mawili ni pointi 3, na jumla ya pointi huzidishwa kwa idadi ya nchi na kanda (mafungu ya dunia yaliyopewa namba) ulizozipata kwenye kila bendi. Hivyo ndivyo vizidishio. Sisi ni 5H, mwanzo wa ishara za mwito za Tanzania, ukanda wa 37, pamoja na Kenya, Uganda, Malawi, Msumbiji na Ethiopia. Vituo vya 5H hewani ni vichache. Chukua opereta wa Ulaya mwenye mawasiliano 3,000 na vizidishio 500. Kizidishio kimoja kipya kinampandisha sehemu 1 kwa 500, sawa na mawasiliano 6 hivi. Kama anakwenda kwa kasi ya watu 120 kwa saa, dakika mbili za kunikamua herufi moja moja zinamgharimu watu 4. Amepata 6, ametoa 4. Ikiwa hana bado ukanda wa 37 kwenye bendi ile, amepata 12. Kwa hiyo hanivumilii kwa kunihurumia. Nina kitu anachokitaka. Kijana wa Dodoma mwenye wati 5 hayuko sawa na mwenzake wa Ujerumani mwenye wati 5, ambaye kwa wengi ni Mjerumani mwingine tu, na dhaifu juu yake.

Hesabu hiyo lakini inasimama pale ambapo mimi ndiye ninayekwenda kumwita yeye. Nikigeuza, inaanguka, na nililijua hilo kwa kuonja.

Novemba moja tulifunga kituo kwenye shamba la zabibu la mjomba, Hombolo. Mirunda miwili, waya wa umeme wa nyumba, vipande vya bomba la PVC kwenye ncha kuzuia waya usiguse kamba, meza chini ya mwembe. Mashindano yanaanza saa sita kamili usiku kwa saa za kimataifa, ambayo kwetu ni saa tisa usiku wa kuamkia Jumamosi. Hadi asubuhi nilikuwa nawaita watu mmoja mmoja kwenye bendi ya mita 15 (bendi huitwa kwa urefu wa wimbi lake), na mambo yalikwenda vizuri. Saa nne nikapata tamaa: nitafute masafa yangu, nikae, niite mimi, wao wanijie. Wakaja. Kwa dakika kama ishirini nilisikia ukuta wa vituo vinavyoniita, vyote vikinisikia nusunusu. Nikijibu mmoja, watatu wanaendelea kuita juu ya jibu langu kwa sababu hawajui kama nimejibu. Mmoja alinirudishia herufi za mwisho za ishara yangu ya mwito mara sita, kila mara ikiwa na kosa jipya. Kisha kituo kimoja chenye nguvu kikauliza kwa Morse kama masafa yana mtu, nikajibu yana, nikajibu tena, hakikunisikia, kikaanza kuita. Sikuweza kumlaumu. Aliuliza kwa adabu, na kwake mimi nilikuwa ukimya.

Katika dakika zile ishirini niliandika majina tisa kwenye daftari, na nina hakika niliwapotezea muda watu wengi zaidi ya hao. Wote walikuwa wanataka kitu adimu, nami niliwatandikia mkeka nikashindwa kuwahudumia. Hapo mzee ana haki kamili. Nchi ikiwa adimu, anayeikalia masafa ana deni la kusikika.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi wakisema maisha ni mafupi mno kuyamaliza kwa wati 5. Hao siwafuati, kwa sababu wanasahau antena, na Dodoma antena ndiyo jambo letu. Angalia bendi ya mita 10. Dipoli yake, antena rahisi ya waya, ni mita 5 tu, na kimo kizuri cha nusu ya wimbi nacho ni mita 5: mrunda mmoja wa fundi ujenzi. Tuko nyuzi 6 kusini mwa ikweta, ambako ionosfia, tabaka la juu angani linalorudisha mawimbi ardhini, hupikwa na jua karibu la utosini, na Oktoba 2024 NASA na NOAA walitangaza kuwa jua limeingia kilele cha mzunguko wake wa 25. Katika miaka ya namna hiyo mita 10 hufunguka kwa Japani asubuhi, kwa Ulaya karibu mchana kutwa, na kuanzia saa kumi jioni kwa pwani ya mashariki ya Marekani, wakati mwingine hadi giza limeshaingia. New York ni kilomita 12,100 hivi kutoka hapa. Kwa wati 5 hiyo ni kilomita 2,400 kwa kila wati, zaidi ya maili 1,000 kwa wati ambazo QRP ARCI huzitolea cheti. Weka pale antena ya Yagi ya vipande vitatu, inayoelekeza nguvu upande mmoja, na desibeli zake 6 juu ya dipoli zinazifanya wati 5 zisikike kama 20. Hizo wati 15 za ziada hujazilipia umeme hata senti.

Shuka mita 40 na picha inageuka. Nusu ya wimbi ni mita 20 kwenda juu, na hapa kwetu miti ya kimo hicho si ya kuokota. Na mwishoni mwa Novemba ndipo mvua zetu zinapoanza kubisha. Pale Hombolo, Jumamosi jioni, wingu lilisimama upande wa milima ya Chenene, na kabla hatujasikia ngurumo yoyote spika ilikuwa inapasuka kama mahindi kwenye kikaango. Waya wa antena nikauchomoa, nikautupa mbali na meza, tukakaa ndani saa mbili. (Hili si la kujadiliwa, hata uwe unaongoza dunia nzima.) Kwenye bendi za chini msimu huo, wati 5 dhidi ya radi za Afrika na vituo vikubwa vya Ulaya ni kuchosha watu. Nawashauri wasioamini wajaribu usiku mmoja, watakubaliana na mzee.

Kuna upande wa nishati, ambao wabishani wa nchi zenye umeme wa uhakika huupita haraka. Redio ndogo huvuta chini ya nusu ampea ikisikiliza na ampea 2 hivi ikirusha. Kwa saa 48 bila kulala ni kama ampea-saa 40. Betri moja ya N70 na paneli ya sola mchana inakufikisha. Redio ya wati 100 huvuta ampea 1 ikisikiliza na 20 ikirusha. Ukiweka wastani wa 5, ni ampea-saa 240, na kwa kuwa betri za asidi hazitakiwi kukamuliwa chini ya nusu, unazungumzia N200 mbili na paneli za maana. Bei ya redio ni mwanzo tu. Kijana akisubiri ya wati 100, atakuja kugundua kuwa alitakiwa kusubiri na betri pia, na huko shambani, ambako ndiko kwenye utulivu wa masafa, hakuna nguzo ya umeme karibu. Mjini unayo nguzo, lakini unazo pia kontrola za sola na chaja za bei rahisi za mtaa mzima zikikuchafulia kipokezi.

Kuhusu uaminifu sitasema mengi. Mtu anaweza kujiandikisha wati 5 akarusha 50, na mita ya wati hutazamwa na yeye peke yake. Ni kweli, na haihusu kijana huyu.

Kinachomhusu ni mwaka. Mwaka mmoja na nusu wa kusubiri kwa mtu aliyepata leseni jana ni hatari kuliko desibeli 13. Nimeona wawili wakisubiri namna hiyo. Mmoja leseni imeisha muda hajawahi kurusha hata mara moja. Aliyeanza na wati 5 hujifunza kusikiliza kwanza, kujua saa gani Japani inafunguka, kupiga ishara yake mara moja pale mwenye kituo kikubwa anapovuta pumzi, na kutengeneza antena kwa mikono yake kwa sababu hana kingine cha kuongeza. Hayo yote atayahamia nayo kwenye wati 100.

Kwa hiyo nilimwambia anunue ile ndogo, kwa masharti mawili. Mashindanoni awaite wengine tu, asikalie masafa. Na akae mita 10 na 15, bendi za chini aziache hadi apate nguvu na kimo. Anayetaka kukaa na kuita kwa 5H, atumie wati 100 na antena iliyosimama vizuri. Yeye alikubali haraka. Mzee hakukubali. Alisema masharti ni mazuri, lakini hajaona bado kama wati 5 za mrunda mmoja zinafika popote kwa namna ya kumheshimu msikilizaji.

Tumepanga kumwonyesha, siku ambayo si ya mashindano. Kuna kipokezi cha Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, ambacho mtu yeyote anaweza kukisikiliza kwa intaneti, na kinafika hadi bendi ya mita 10. Jumapili saa tisa alasiri mzee atakaa barazani kwake na simu na vipokea sauti vya masikioni. Kijana atakuwa Hombolo na redio yangu ndogo na kigongeo cha Morse. Mzee amesema atamwandikia kila herufi atakayoisikia, na zile ambazo hatazisikia pia.