Nauli Inayoanzia Nairobi Si Nauli Yetu

Likizo ya Desemba inanukia, na makundi ya WhatsApp ya familia yamejaa picha za nauli. "Nairobi hadi Manchester shilingi 104,000 tu, wahini kabla hazijaisha!" Shangazi aliye kule Uingereza akishauri ile ya 128,000, anaambiwa anapenda makuu. Linaniudhi sana jambo hili, kwa sababu hakuna anayeuliza safari yenyewe inaanzia wapi. Sisi hatukai Embakasi, jirani na uwanja wa ndege. Tuko Kisumu, Kakamega, Siaya, Bungoma. Mpaka ufike kaunta ya Nairobi ukiwa na watoto na mabegi, umeshatumia pesa ambazo ile picha haikuzitaja.

Tupige hesabu. Chukua familia ya Kisumu: baba, mama, mtoto wa miaka 9 na kitinda mimba wa miezi 20. Namba hizi ni za mfano, kila mtu aweke zake. Shirika la bei ya juu linauza safari nzima kutoka Kisumu, begi la kilo 23 kwa kila mwenye kiti likiwa ndani ya nauli: wazazi 256,000, mtoto mkubwa kwa asilimia 75 ya nauli 96,000, mtoto mchanga kwa asilimia 10 ni 12,800. Jumla 364,800. Lile la bei nafuu linaanzia Nairobi na halina punguzo la mtoto: viti 3 ni 312,000, na mchanga 10,400. Jumla 322,400. Umeokoa 42,400, na hapo ndipo watu wengi huweka kalamu chini.

Usiiweke. Ndege ya Kisumu kwenda Nairobi na kurudi, viti 3 pamoja na mizigo, 39,000. Mabegi 2 ya kulipia kwenye ile tiketi nafuu, kwenda na kurudi, 24,000. Ukirudi unatua Nairobi usiku na ndege ya mwisho ya Kisumu imeshaondoka, kwa hiyo chumba na teksi, 13,000. Hizo ni 76,000, na jumla yako sasa ni 398,400. Ile tiketi "ghali" ilikuwa nafuu kwa 33,600, na bado hujanunua chakula cha ndani ya ndege wala kulipia viti ili mtoto wa miaka 9 asikae safu 12 mbali na mama yake.

Lakini hata pesa zingelingana, bado ningesema vivyo hivyo. Tatizo kubwa ni kuwa na tiketi mbili.

Tiketi moja kutoka Kisumu hadi Manchester ni mkataba mmoja. Wingu la radi likijikusanya juu ya ziwa alasiri, kama ilivyo kawaida yetu, na ndege ya Kisumu ikachelewa saa tatu, aliyekuuzia tiketi ndiye mwenye jukumu la kukufikisha. Atakutafutia nafasi kwenye ndege inayofuata bila kukutoza nauli upya. Ukiwa na tiketi mbili, shirika la pili halikujui. Kwao wewe ni abiria ambaye hakufika. Mashirika mengi hufunga kaunta dakika 60 kabla ya ndege ya kimataifa kuondoka, na ukifika dakika ya 55 kabla, hata ukilia, mlango umefungwa.

Kuna jambo baya zaidi ambalo mawakala wengi hawalisemi. Sehemu za tiketi sharti zitumike kwa mpangilio wake. Usipopanda ndege ya kwanza, kompyuta huandika kwamba hukutokea, na kwa kawaida sehemu zote zilizobaki hufutwa, pamoja na ile ya kurudi. Kwa hiyo ukidhani umekosa ndege moja tu, kumbe umepoteza safari nzima ya kwenda na kurudi. Zidisha kwa watu wanne, halafu ununue upya kwa bei ya siku hiyo hiyo, ambayo ndiyo bei mbaya kuliko zote.

Msiseme hayo hutokea mara chache. JKIA, uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi, ina njia moja tu ya kurukia. Ndege ikipasukiwa na gurudumu katikati yake, kila kitu husimama. Tarehe 11 Septemba 2024 wafanyakazi wa viwanja vya ndege waligoma kupinga mpango wa kuikabidhi JKIA kampuni ya Adani, na abiria wakalala kwenye mabegi yao. Tarehe 23 Juni 2025 Qatar ilifunga anga yake ghafla, na ndege zilizokuwa zikielekea Doha zikageuzwa njiani. Siku kama hizo, mwenye tiketi moja ana mtu wa kumdai ampeleke alikolipia. Mwenye tiketi mbili anasimama na watoto wake katikati ya kampuni mbili, kila moja ikimwambia aende kwa nyingine.

Basi utajuaje kama ni tiketi moja? Usitosheke na karatasi ya wakala yenye safari zote zimepangwa vizuri chini ya nembo yake. Ile ni ratiba. Tafuta namba ya tiketi yenyewe: ina tarakimu 13, na 3 za mwanzo ni za shirika lililoitoa. Kenya Airways ni 706, Ethiopian ni 071, Qatar ni 157, Emirates ni 176, KLM ni 074. Kila abiria ana namba yake, lakini ya abiria mmoja inapaswa kuwa ile ile kwenye safari zake zote, kuanzia Kisumu, au namba zinazofuatana ikiwa ndege zake ni zaidi ya nne. Ukiona namba moja kwa Kisumu–Nairobi na nyingine kabisa kwa Nairobi–Manchester, una tiketi mbili, hata kama ulilipa mara moja kwa mtu mmoja. Na kama una zile herufi sita za kuhifadhi nafasi pekee, bila namba ya tarakimu 13, bado huna tiketi. Una nafasi iliyoshikiliwa, na inaweza kuachiliwa saa yoyote.

Ukitafuta mtandaoni, weka KIS, yaani Kisumu, kama mwanzo wa safari badala ya NBO ya Nairobi. Watu wa Uasin Gishu na Trans Nzoia wajaribu EDL, uwanja wa Eldoret. Watu hawafanyi hivyo, halafu wanasema hakuna tiketi moja ya safari nzima kutoka kwetu. Ipo, kwa sababu kuna mashirika ya kimataifa yenye makubaliano na yale yanayoruka ndani ya nchi. Siku ya safari, kaunta ya Kisumu, kabla begi halijaondoka kwenye ule mkanda, isome lebo inayofungwa mkononi mwa begi. Herufi tatu kubwa zinaonyesha litakapoishia. Zikisema MAN, mtaonana Manchester. Zikisema NBO, begi litatemwa Nairobi nawe utalifuata wewe mwenyewe. Uliza hapo hapo, maana mhudumu anaweza kuirekebisha kwa dakika mbili, na baada ya begi kupita lile pazia la plastiki ni kazi nyingine.

Tiketi zilizokatwa vipande vinavyokutana nchi za watu ni hatari zaidi. Istanbul ina viwanja viwili, IST upande wa Ulaya na SAW upande wa Asia. Nauli nafuu inaweza kukushusha kimoja na kukutaka upande kingine. Hapo unachukua mabegi, unapita uhamiaji, unaingia Uturuki rasmi, na Mkenya anahitaji visa. London nayo ina Heathrow, Gatwick, Stansted na Luton. Ukiunganisha tiketi mbili Ulaya unaweza kuhitaji visa ya Schengen kwa ajili ya kuchukua begi tu: euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi chini ya 12. Na usipokuwa na hiyo visa, hutagundua ukiwa Ulaya. Utagundua Nairobi, kaunta itakapokataa kukupandisha, na pesa hazirudi.

Mizigo. Kilo 23 ni kilo 23. Begi moja halipaswi kuzidi 32 hata ukiwa tayari kulipia, kwa sababu kuna binadamu anayelibeba. Pima nyumbani kwa mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza samaki: ning'iniza begi, likitulia soma, na ubakishe kilo moja na nusu, maana mizani ya uwanjani haitakubaliana na yako. Omena ni nyepesi lakini inajaza begi. Unga wa wimbi ni mzito kuliko mtu anavyodhani: pakiti 5 za kilo mbili ni karibu nusu ya begi. Nyama na maziwa ya kawaida usibebe kwenda Ulaya wala Uingereza, vitachukuliwa. Kwa mashirika ya bei nafuu, lipia begi siku ile ile unaponunua tiketi, maana kaunta ya uwanjani huuza kilo zile zile kwa bei ya juu zaidi. Na kumbuka kwamba ukiwa na tiketi mbili, kila shirika lina kipimo chake. Kilo 23 za kimataifa zinaweza kukutana na ndege ndogo ya ndani inayokubali 15, na hapo Kisumu asubuhi utaanza kulipa kabla hata hujaondoka nyumbani.

Begi likipotea, Kenya imo kwenye Mkataba wa Montreal wa 1999, unaoyabana mashirika ya ndege kumlipa abiria. Kikomo cha fidia kwa mizigo ya abiria ni SDR 1,519 (SDR ni kipimo cha pesa cha Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF) tangu mwisho wa 2024, yaani takriban dola 2,000 za Marekani. Lakini andikisha kabla hujatoka uwanjani, kisha sharti udai kwa maandishi: siku 7 kwa begi lililoharibika, siku 21 kwa lililochelewa. Weka risiti za nguo ulizonunua ukisubiri. Ndege ikichelewa saa tatu au zaidi kufika, sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2004 inaweza kukupa hadi euro 600 kwa kila abiria, isipokuwa chanzo kiwe nje ya uwezo wa shirika. Inahusu ndege yoyote inayoondoka nchi za Umoja wa Ulaya, lakini ukitoka Nairobi kwenda huko inahusu mashirika ya Umoja huo pekee. Familia ya viti vitatu ijue kwamba tofauti hiyo ni hadi euro 1,800.

Kuhusu watoto, tarehe ya kuzaliwa ndiyo bei. Kitinda mimba wetu wa miezi 20 akienda kukaa kwa nyanya yake miezi 5, atafikisha miaka 2 akiwa huko, na safari ya kurudi atahitaji kiti chake kwa nauli ya mtoto. Mwambie wakala mapema, vinginevyo utaambiwa siku ya kurudi. Kile kitanda kidogo cha mtoto kinachofungwa ukutani ndani ya ndege huombwa kwa simu, ni vichache, na vingi havibebi mtoto anayezidi kilo 11 hivi. Maziwa na chakula cha mtoto huruhusiwa kuzidi kile kikomo cha mililita 100 za vimiminika kwenye begi la mkononi, ila uvitoe begini uvionyeshe.

Sasa nikubali, ingawa kwa shingo upande. Kuna safari ambayo shirika la bei nafuu linafaa kabisa: watu wazima, ndege moja bila kubadilisha, begi la mkononi, Nairobi kwenda Sharjah siku nne na kurudi. Watu wa Nakuru nao, ambao wana kilomita 160 hivi tu za barabara, wanaweza kuanzia Nairobi bila hasara kubwa, mradi wasafiri jana yake, kwa kuwa msongamano wa Gilgil na Naivasha hauna ratiba. Na wa Busia na Bungoma wasiione Entebbe kuwa mbali. Mei 2025 Uganda Airlines ilianza kuruka kutoka huko hadi Gatwick, London. Linganisheni, mkibeba vyeti vya homa ya manjano vilivyotolewa si chini ya siku 10 kabla.

Na kwa atakayenisumbua kwamba lazima akate tiketi mbili kwa sababu hana njia nyingine: lala Nairobi usiku mmoja wakati wa kwenda. Usiunganishe siku hiyo hiyo ukiwa na watoto. Chukua ndege ya asubuhi kutoka Kisumu, kabla mawingu hayajaanza, ili ikiahirishwa bado kuna nyingine mbele.

Kulipa nako kuna mtego. M-Pesa haitumi zaidi ya 250,000 kwa mara moja, na tiketi za watu wanne zikiwa nafasi moja haziwezi kugawanywa kila mara. Piga simu benki siku moja kabla wapandishe kikomo cha kadi, maana ikikataliwa katikati, nauli inaweza kuwa imepanda ukirudi. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye pasipoti, jina la ukoo mahali pake, na mama aliyebadili jina baada ya ndoa atumie lililo kwenye pasipoti aliyonayo sasa.

Tiketi ikishatoka, fungua ukurasa wa shirika lenyewe, siyo wa wakala, uweke zile herufi sita. Hesabu watu. Mchanga ndiye husahaulika zaidi, kwa kuwa hana kiti. Kama hayumo, piga simu siku hiyo hiyo, kwa sababu idadi ya watoto wachanga kwa kila ndege ina kikomo, na Desemba nafasi zao hujaa kabla ya viti kujaa.