Ukijaza kifusi kwako, mzigo anabeba nani?

Jirani akilalamika kwamba mwenzie kapandisha kiwanja kwa kifusi, wengi wanamwona mgomvi tu, "kila mtu na kwake, na wewe si ujaze". Mimi naona huyu wa chini hasikilizwi vizuri.

Anayejaza ana haki yake, sikatai. Eneo likituama maji lazima uinue, huwezi kuacha nyumba ikae kwenye dimbwi.

Ila shida ni ukuta. Ukuta wa fensi unajengwa ubebe uzito wake na upepo basi, hauna kazi ya kuzuia udongo, sasa mtu anamwaga kifusi anakiegemeza hapohapo na wakati mwingine ukuta wenyewe ni wa jirani! Mita moja ya ujazo ya udongo ina kama kilo 1,600 mpaka 2,000. Halafu ukiongeza kimo cha kifusi mara 2, msukumo kwenye ukuta unakuwa mara 4 na nguvu ya kuupindua inafika mara 8. Mara 8 jamani. Kwa hiyo ule ukuta uliovumilia nusu mita, usidhani mita 1 nayo itapita tu, na hapo nazungumzia udongo mkavu, mvua ikinyesha maji yakakosa pa kutokea nayo yanasukuma. Na ukianguka unaangukia kwa wa chini, hauwezi kuangukia kwa aliyejaza.

Kimo nacho kinaleta kesi. Fensi ya mita 2 juu ya kifusi cha mita 1, wa chini anaiona ni mita 3, kwa hiyo ipimwe kuanzia usawa wa ardhi wa zamani.

Kuhusu maji wa juu hujibu kwamba maji hushuka yenyewe. Ni kweli, hata kifungu cha 640 cha sheria ya kiraia ya Ufaransa ya 1804 kinamtaka wa chini ayapokee na asiyazibe. Lakini tusome mpaka mwisho, kinasema ni maji yanayoshuka bila mkono wa binadamu, na wa juu asifanye lolote la kumzidishia wa chini mzigo. Kifusi kimeletwa na lori, huo si mkono wa binadamu?

Kwa hiyo anayeinua ajenge ukuta wake wa kuzuia udongo, wenye nondo, upande wake na kwa hela yake, na mtaro wa kukusanya maji. Hela ikiwa haipo aache nafasi, kifusi kiteremke taratibu kiishie ndani ya kiwanja chake kabla hakijagusa mpaka.