Gisaka ilirudi, Bugufi ikabaki

Mjadala wa mipaka ya Afrika haumalizi dakika tano kabla mtu hajautaja mkutano wa Berlin, ambako Wazungu waligawana Afrika. Kwa mpaka wetu Watanzania na Rwanda na Burundi, Berlin haitoshi. Mjerumani aliziweka nchi zote tatu ndani ya koloni moja. Mstari unaozitenganisha leo ulichorwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na waliouvutania walikuwa washirika walioshinda vita hiyo pamoja.

Wabelgiji, kwa migongo ya askari na wapagazi kutoka Kongo, waliingia Kigali Mei 1916 na Tabora Septemba mwaka huohuo. Rwanda yenyewe haikuwa shabaha yao. Walichokitamani ni ukingo wa kusini wa mdomo wa Mto Kongo, ambao ulikuwa Angola, mikononi mwa Ureno. Hesabu yao ilikuwa hivi: Mwingereza achukue ardhi waliyoiteka, Mreno apewe kipande cha kusini mwa koloni la Mjerumani, nao wapate ukingo wao. Ureno ikakataa, na mwishowe ikaambulia Kionga, kipembe kidogo kusini mwa mdomo wa Ruvuma. Ubelgiji ikabaki na Rwanda na Burundi kama mchuuzi aliyerudi na mzigo wake jioni.

Mei 1919 Lord Milner wa Uingereza na Pierre Orts wa Ubelgiji wakaafikiana. Rwanda na Burundi zikaenda kwa Mbelgiji, isipokuwa ukanda wa mashariki wa Rwanda, pamoja na Gisaka, pande za Kibungo. Huo Mwingereza aliutaka kwa ajili ya reli ya kutoka Cape hadi Cairo. Reli hiyo haikupita hapo hata siku moja.

Musinga, mwami (yaani mfalme) wa Rwanda, alilalamika: ng'ombe walikatiwa malisho, na mamlaka yake yakakatwa pamoja nayo. Askofu Classe wa Rwanda, wa shirika la Kikatoliki la Wamisionari wa Afrika, akampigia debe Ulaya. Suala likafika kwenye kamisheni ya Shirikisho la Mataifa iliyosimamia makoloni yaliyowekwa chini ya udhamini, na mmoja wa wajumbe wake alikuwa Orts yuleyule aliyetia saini mgawanyo! Mwaka 1923 Uingereza ikalegeza kamba, na 1924 ikaikuta Gisaka imesharudi Rwanda.

Kisa hiki husimuliwa kama ushindi wa haki dhidi ya ubeberu. Mimi siamini. Gisaka ilikuwa ufalme wake wenyewe hadi ilipotekwa na Rwanda katika karne ya 19, na bado mwaka 1901 Rukura aliinua watu akidai kiti cha mababu zake. Kwa baadhi ya waliokuwa kule, kuondoka chini ya mkono wa Musinga kulikuwa nafuu. Hakuna aliyewauliza wakati wa kuwakata, na hakuna aliyewauliza wakati wa kuwaunga. Kilichoshinda ni kwamba mwami, askofu na Brussels safari hii walitaka jambo lilelile, na Mwingereza hakuwa na hasara kubwa ya kuliachia.

Anayebisha aitazame Bugufi. Eneo hilo, ambalo leo liko Ngara, lilihesabiwa kuwa la Burundi, nalo likaangukia upande wa Tanganyika. Malisho, watu waliotenganishwa na mwami wao, hoja karibu zote za Gisaka zilikuwepo. Lakini Mwambutsa, mwami wa Burundi, alikalia kiti mwaka 1915 akiwa mtoto mdogo, na nchi ikaendeshwa na walezi waliokuwa na ugomvi wao wa nyumbani. Asiyekuwapo na lake halipo. Baada ya Vita vya Pili dai la Bugufi lilifikishwa Umoja wa Mataifa, lakini wino ulikuwa umekauka zamani.

Mwaka 1964 viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) waliokutana Cairo waliazimia kuheshimu mipaka iliyokutwa siku ya uhuru, na Nyerere alikuwa mstari wa mbele kulipigania azimio hilo. Naliunga mkono hadi leo. Tukianza kufukua, hakuna wilaya ya mpakani itakayolala usingizi. Ila kuukubali mpaka hakunilazimishi kuukubali uongo juu yake. Wapo wanaosema kwa kujiamini kuwa Bugufi ni Tanganyika tangu enzi na enzi. Waende Ngara wakawasikilize Wahangaza wakizungumza na mgeni kutoka Burundi, kila mmoja kwa lugha ya kwao, na mkalimani hana kazi.