Simulizi za wazee wa Kondoa: tuzinase kwa lugha gani?

Ukianzia Kolo, kaskazini mwa Kondoa mkoani Dodoma, ukazunguka hadi Kwa Mtoro, unakutana na lugha za koo nne kabisa. Warangi wanasema lugha ya Kibantu, Waburunge na Waasi (ndio Waalagwa) lugha za Kikushi, Wabarabaig lugha ya Kiniloti. Wasandawe wana lugha ya vidoko, sauti za kualisha ulimi, ambayo wanaisimu hadi leo wanabishana kama ina ndugu popote. Lugha ya namna hiyo huitwa kisiwa, na kwa kweli Kondoa na Chemba (iliyomegwa kutoka Kondoa mwaka 2012) ni visiwa vya nchi kavu: watu wa asili mbalimbali, bonde moja, mvua moja, na kila mmoja ana maelezo yake ya nani alimkuta nani.

Kila linapokuja suala la kunasa simulizi za wazee kabla hawajaondoka, ubishi unaanzia kwenye lugha. Wapo wanaosema tutumie Kiswahili, wazee karibu wote wanakijua, tupate historia moja ya wilaya isomeke shuleni. Wengine wanasema kila mzee asimulie kwa lugha ya kabila lake.

Upande wa Kiswahili si wa kupuuzwa. Mathias Mnyampala, Mgogo, alichapisha historia na mila za Wagogo kwa Kiswahili mwaka 1954, na ndiyo maana hata asiyejua neno la Kigogo anaweza kuisoma. Kuna na gharama. Saa moja ya mazungumzo ya Kiswahili humchukua mwandishi mzoefu saa tano hadi nane kuiandika neno kwa neno. Kwa Kiburunge, ambacho wanaoweza kukiandika ni wa kuhesabu, kazi hiyo hiyo huweza kufika saa thelathini, na tafsiri bado. Mradi wenye bajeti ndogo ukianza na lugha tano huishia na rundo la sauti zisizosikilizwa na mtu.

Lakini tazama Kiswahili kinavyochuja. Wagogo huzipa njaa majina. Ile ya mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, baada ya Wajerumani na kisha Waingereza kuchukua nafaka, ng'ombe na wapagazi, halafu mvua ikakata, waliiita Mtunya, yaani kunyang'anyana. Mhoji akimuuliza mzee kwa Kiswahili atajibiwa "njaa kubwa ya wakati wa vita." Jibu ni sahihi, ila jina limebaki nje, na jina ndilo lililobeba hukumu ya waliokufa njaa: kwamba watu walinyang'anyana.

Hata hivyo "lugha ya kabila" nayo ina mtego. Waasi wengi leo nyumbani wanasema Kirangi. Ukimlazimisha mzee wa Kiasi asimulie kwa lugha aliyoisikia kwa bibi tu, atatoa sentensi fupi za kuokoteza, na utaondoka ukidhani hajui. Kigezo chenye akili ni kumwuliza swali moja kabla ya kuwasha kinasa sauti: habari hii ulisimuliwa kwa lugha gani? Hiyo ndiyo ya kurekodia, iwe Kirangi, Kisandawe au Kiswahili. Kisha, siku nyingine, mwombe aieleze upya kwa Kiswahili mwenyewe. Tafsiri ya msimulizi ina makosa machache kuliko ya kijana aliyekodiwa mjini.

Lingine linaloharibu kazi ni kikao. Ukiwakusanya wazee wanane chini ya mti, mwenye sauti huongea, saba wanaitikia "ndivyo," na akina mama walioketi pembeni hawaulizwi. Rekodi mmoja mmoja kwanza, kikao baadaye. Wakipingana, usipatanishe. Waasi walisifika kwa uganga wa mvua na Warangi waliwaendea. Jambo hilo likisimuliwa na pande mbili haliwezi kufanana, na atakayeyachanganya kuwa toleo moja safi ameamua nani mwenye nchi bila kuwa hakimu. Madai ya ardhi ya leo yanapenda sana matoleo safi.

Tarehe usiziulize kwa namba. Uliza: ulikuwa umeshatiwa jandoni wakati wa Operesheni Vijiji? Mifugo ilipoondolewa Kondoa mwaka 1979 ili kuokoa ardhi, wewe ulikuwa na mtoto wa ngapi? Aliyekuwa na miaka 20 wakati wa Operesheni Dodoma ya 1971 sasa amevuka 70, na huyo ni shahidi. Wa Mtunya ni mpokezi tu. Andika aliipokea habari hiyo kwa nani.

Kuhusu sauti, nyumba ya bati ikifika saa sita mchana inaalika kwa joto, na nje upepo wa Dodoma unavuma moja kwa moja kwenye kipaza sauti. Tembe, yenye kuta za udongo na paa la udongo, ni studio bora kuliko ofisi ya kijiji. Rekodi kwa WAV, kilohezi 48, biti 24. Chaneli moja inakula karibu nusu gigabaiti kwa saa. Simu inafaa, mradi uzime kipunguza kelele, kwa sababu huweza kukiona kidoko cha Kisandawe kama kelele na kukifuta. Nakala ziwe tatu, moja nje ya mkoa.

Yanabaki yale yasiyopaswa kusikika na kila mtu. Mungumi wa Kolo, kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa Urithi wa Dunia mwaka 2006, bado watu huenda kufanya tambiko, na baadhi ya maneno ya pale ni ya wenyewe. Wanaotaka kila kitu kiwekwe wazi mtandaoni wana hoja, kwamba kilichofungiwa kabatini huoza. Ila mzee akisema "hii isitoke," faili hilo lifungwe, na jina la atakayelifungua baada yake litajwe na yeye mwenyewe, ndani ya rekodi hiyo hiyo, kabla kinasa sauti hakijazimwa.