Miaka 999 haikuwa ahadi takatifu

Juzi nilimsikia wakili mmoja redioni akilalamika kwamba Katiba ya Kenya ya 2010 iliwaonea wageni ilipopunguza hati zao za ardhi kutoka miaka 999 hadi 99. Eti mkataba ni mkataba, serikali haina ruhusa ya kuugusa. Nilikasirika, na hasira haijaniisha.

Mkataba wa nani? Mwaka 1904 Waingereza waliafikiana na Wamaasai kwamba Laikipia ingebaki mikononi mwao maadamu kabila lao lipo duniani. Haki gani ya kudumu inaizidi hiyo? Haikuwekewa hata mwaka wa mwisho. Ilidumu miaka saba. Walowezi waliitamani Laikipia, makubaliano mapya yakaandikwa 1911, na watu wakaswagwa kwenda kusini na ng'ombe wao, wengine wakafia njiani. Wamaasai walikwenda mahakamani. Kesi yao, iitwayo kesi ya Ole Njogo, ikatupwa 1913: majaji walisema yale yalikuwa mapatano kati ya Mfalme wa Uingereza na taifa jingine, kwa hiyo mahakama haina uwezo nayo. Waliitwa taifa huku wakifukuzwa kwao.

Miaka miwili baadaye, Sheria ya Ardhi za Mfalme ya 1915 ikampa mlowezi miaka 999. Piga hesabu: hadi 2914. Sheria hiyohiyo ikaitia ardhi waliyokalia Waafrika katika mali ya Mfalme, na mwaka 1921 Jaji Mkuu Barth akaamua kwamba wao ni wapangaji tu, wa kuondolewa Mfalme apendapo. Kalamu ni ile ile, mahakama ni zile zile. Ukiutetea mkataba wa 1915, anza na ule wa 1904.

Haya, anayewekeza kwenye chai anahitaji muda wa uhakika. Amepewa miaka 99, na aliyekuwa na umiliki wa kudumu amepewa vivyo hivyo kwa kodi ya jina tu, ndogo mno. Mwananchi ambaye hati yake ya miaka 99 inakaribia kwisha huomba upya, na sijasikia wakili akimlilia redioni.

Mimi nataka rejista iwekwe wazi: ni mashamba yapi ya wageni yaliyobadilishwa tangu tarehe 27 Agosti 2010 Katiba ilipoanza kutumika, ekari ngapi, yako kaunti gani, na miaka 99 ya kila shamba inaanza kuhesabiwa lini.